Kuteua, Kuthibitisha na Kusimamia: Historia ya Istilahi Tatu za Utawala

Utangulizi

Katika safari zetu za kukusanya istilahi za utawala tulifika Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, mji mdogo ulioko kusini ya mto. Hapo tulimtembelea mzee mmoja aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Tulipomsomea orodha yetu ya maneno alisikiliza kwa utulivu, hadi tulipofika kwenye sentensi ya mfano isemayo kwamba Bunge limemthibitisha Waziri Mkuu. Hapo akatusimamisha.

"Wanangu," alisema, "kwani alikuwa katika majaribio?"

Tulicheka, yeye hakucheka. Alitueleza kwamba katika utumishi wake alipiga chapa barua nyingi za watumishi kuthibitishwa kazini. Mtumishi mpya huwekwa katika majaribio, kwa kawaida miezi 12. Mkubwa wake humtazama, na akiridhika nayo kazi yake humthibitisha. "Sasa, Bunge ni mkubwa wa Waziri Mkuu? Na kama si mkubwa wake, lathibitisha nini?" Hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Tulimwambia, "Mzee, tutalitafuta," naye akasema, "Haya, nawangoja."

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Tunakusudia kufuatilia historia ya maneno matatu ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia kila siku: kuteua, kuthibitisha na kusimamia. Hoja yetu ni kwamba lugha yetu ina msamiati mpana na wa kale wa kuweka watu madarakani kutoka juu, lakini msamiati wa kuuliza na kukataa kutoka chini ni mpya, nao umeazima maneno yake kutoka ofisini kwa mkubwa. Upungufu huo si wa lugha kwa asili yake, bali umetokana na historia ya utawala wenyewe, na Rufiji ni mahali pafaapo kuutazamia.

Jumbe, diwani na akida

Katika miji ya kale ya pwani ya Mrima, jumbe hakujitokeza tu akatawala. Alitakiwa akubaliwe na wazee na wakubwa wenzake, awalishe karamu, kisha atawazwe mbele ya watu. Neno kutawaza lilikuwa na mashahidi ndani yake: hapakuwa na kutawazwa kwa siri. Hali kadhalika neno diwani, ambalo siku hizi ni cheo cha mwakilishi wa kata, zamani lilikuwa jina la mtawala katika baadhi ya miji hiyo. Hatudai kwamba utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa wote; watumwa na wanyonge hawakuulizwa. Tunachosema ni kwamba lugha ya wakati ule ilitambua matendo mawili yaliyo mbalimbali: mtu kutaka cheo, na watu kumkubali katika cheo.

Usultani wa Zanzibar ulileta liwali, aliyetumwa na Sultani na kuwajibika kwake. Wajerumani walipoitwaa nchi walimchukua liwali na pia akida, cheo kilichokuwa na asili ya kiaskari, wakavifanya ngazi za serikali yao. Makao yao katika Rufiji yalikuwa kwanza Mohoro, na baadaye Utete. Chini ya mkuu wa boma alikuwapo akida, na chini ya akida walikuwapo majumbe. Jina la jumbe likabaki, lakini maana yake ikageuka: aliyekuwa akikubaliwa na watu wake sasa akawa mtu wa kupokea amri na kukusanya kodi.

Matokeo yake yanajulikana. Tangu 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa majumbe na maakida. Kwa upande wa mapato, mlimaji hakuona la maana. Kwa upande wa fimbo, aliona mengi. Huko Ngarambe, ambako leo ni ndani ya Wilaya ya Rufiji, Kinjikitile Ngwale alianza mwaka 1904 kuwagawia watu maji ya kuwakinga na risasi. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete katika Umatumbi waling'oa pamba, na jambo la kwanza walilolikabili lilikuwa mamlaka ya akida wa Kibata. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, lakini vita vilikwisha kuenea.

Sababu za Vita vya Maji Maji ni nyingi, wala hatutaki kuzipunguza ziwe jambo la msamiati. Hata hivyo ni dhahiri kwamba mlimaji wa Rufiji au Umatumbi hakuwa na mahali pa kumshtakia akida isipokuwa kwa yule yule aliyemweka. Hapakuwa na baraza la kumkataa kabla hajashika kazi, wala la kumwuliza baada ya kuishika. Pasipo chombo, neno pia halikuwapo. Msamiati uliobaki kutoka zama zile ni wa upande mmoja: kuweka, kupa cheo, kuamuru, kusimamia. Huyo msimamizi wa shamba la pamba tutakutana naye tena.

Waingereza nao, kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, walitawala kwa kupitia wakubwa wa kienyeji, lakini mkubwa huyo alihitaji kutambuliwa na serikali. "Kutambuliwa" ni neno la kuangaliwa sana: mwenye haki ya kutambua alikuwa Gavana, si watu. Vyeo vya uchifu vilifutwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika.

Uteuzi katika Rufiji baada ya Uhuru

Kiswahili kiliingia ofisini kwa nguvu mpya Januari 1967, pale Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipoagiza kitumike katika shughuli za serikali. Mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Lakini kabla ya agizo hilo neno kuteua lilikwisha kuanza kazi yake ya siasa, na Rufiji ililiona likifanya kazi hiyo.

Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, utaratibu ulikuwa wa hatua tatu. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura walioomba. Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama ikateua wawili. Kisha wananchi wakamchagua mmoja, wa jembe au wa nyumba, maana hizo ndizo zilizokuwa alama. Katika Rufiji, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa Waziri Mdogo na kiongozi wa wanawake wa TANU aliyejulikana nchi nzima tangu miaka ya kupigania Uhuru, alishindwa.

Tukio hilo lina somo la istilahi. Chama kilimteua Bibi Titi, na uteuzi wake ulikuwa halali kabisa, lakini uteuzi haukuwa ndio mwisho. Wananchi wa Rufiji walipewa nafasi ya kusema hapana, wakaitumia. Hapo kuteua kulikuwa na maana ya kutanguliza jina mbele ya mwenye kauli ya mwisho. Lakini Rais alipomteua waziri, au mkuu wa mkoa, au Mkuu wa Wilaya wa kukaa Utete, kuteua kulikuwa ndiyo kauli ya mwisho yenyewe. Neno moja likabeba matendo mawili ambayo lugha nyingine huyapa maneno mawili, yaani kupendekeza jina na kumpa mtu cheo. Mchanganyiko huo tunao mpaka leo.

Neno mteule nalo limepata tabu hiyo hiyo. Katika dini ni aliyechaguliwa na Mungu. Tusemapo Rais mteule, tunamkusudia aliyekwisha kushinda uchaguzi na kungoja kuapishwa. Tusemapo waziri mteule, hapa kwetu twamaanisha aliyekwisha kupewa uwaziri na bado kula kiapo, na Kenya wamaanisha ambaye huenda akakataliwa na Bunge kesho. Mfasiri asiyejua tofauti hiyo atawapa wasomaji wake habari isiyo ya kweli, ingawa kila neno lake litakuwa sahihi katika kamusi.

Kuthibitisha: mtu au uteuzi?

Sasa turudi kwa swali la mzee wetu. Kuthibitisha kuna angalau maana tatu zinazotumika. Ya kwanza ni ya mahakama na ya sayansi: kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Ya pili ni ya ofisi: mkubwa kumpa mtumishi nafasi ya kudumu baada ya majaribio. Ya tatu ni ya Bunge. Zote zatokana na wazo la kufanya jambo liwe imara. Lakini msikilizaji wa kawaida, hasa mtumishi wa serikali, husikia ya pili.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, kama ilivyorekebishwa, inampa Rais siku 14 tangu ashike madaraka kumteua Waziri Mkuu kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo. Katika ibara ya 51 kinachothibitishwa na Bunge ni uteuzi wake, wala hawezi kushika madaraka kabla ya hapo. Vivyo hivyo katika ibara ya 37, nafasi ya Makamu wa Rais ikiwa wazi, ni uteuzi unaopelekwa Bungeni kuthibitishwa, kwa kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Waandishi wa Katiba walikuwa waangalifu. Lakini magazeti na redio, na hata sisi katika orodha yetu, tumezoea kusema kwamba Bunge limemthibitisha fulani. Kwa kuhamisha yambwa kutoka uteuzi kwenda kwa mtu, tumelihamisha tendo lenyewe kutoka Bungeni kwenda ofisini.

Je, tofauti hiyo ni ya wanasarufi tu? Hatudhani hivyo. Novemba 2015, jina la Kassim Majaliwa lilipopelekwa Bungeni, kura za ndiyo zilikuwa 258 kati ya 351, za hapana 91, na 2 ziliharibika. Machi 2021, jina la Philip Mpango lilipopelekwa kwa nafasi ya Makamu wa Rais kufuatia kifo cha Rais John Magufuli na kuapishwa kwa Rais Samia Suluhu Hassan, kura zote 363 zilikuwa za ndiyo. Ikiwa kuthibitisha ni tendo la mkubwa aliyeridhika na kazi ya mtumishi, zile kura 91 za hapana zinaonekana kuwa utovu wa adabu, na zile 363 za ndiyo zinaonekana kuwa jambo la kawaida lisilohitaji maelezo. Lakini ikiwa kuthibitisha uteuzi ni tendo la chombo kilichopewa haki ya kukubali au kukataa, basi ndiyo na hapana ni majibu halali ya swali lile lile. Mwalimu wa uraia anayewafundisha watoto wa Ikwiriri au Kibiti hana budi kuwafahamisha hilo, na neno ndilo jembe lake.

Inafaa pia kukumbuka mipaka. Mawaziri wengine, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya hawapelekwi Bungeni kuthibitishwa, wala madiwani wa Halmashauri ya Wilaya hawapigi kura juu ya uteuzi wa Mkurugenzi wao. Wafasiri wa habari za nchi nyingine wajihadhari wasiwape wasomaji wetu dhana kwamba utaratibu wa huko ndio wa hapa, na kinyume chake.

Kusimamia na kuwajibisha

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Hapa ndipo tunapokutana tena na yule msimamizi wa shamba la pamba. Katika matumizi ya kila siku msimamizi ni mwenye kuendesha kazi: msimamizi wa ujenzi, msimamizi wa mtihani, msimamizi wa uchaguzi. Mkuu wa Wilaya husimamia wilaya, Waziri husimamia wizara, na Bunge husimamia Waziri. Kitenzi ni kimoja, lakini tendo la mwisho si la kuendesha kazi, bali la kumwuliza mwenye kuiendesha. Mbunge anayedhani kwamba kusimamia ni kuendesha atataka kugawa saruji mwenyewe, na mtendaji anayedhani hivyo hivyo atamwona mbunge kuwa mtu anayeingilia kazi yake.

Historia ya halmashauri zetu yaonyesha kwamba matendo hayo mawili yaweza kutenganishwa au kuchanganywa kwa sheria. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na kazi zake zikawa mikononi mwa watendaji, akiwamo Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya. Katika Rufiji hayo yalifuata karibu sana Operesheni Rufiji, ambapo baada ya mafuriko ya 1968 wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vipya vya nchi ya juu. Hivyo mambo mazito ya ardhi na makazi yalikuwa bado yanaendelea wakati ambapo baraza la kuchaguliwa la kuyauliza maswali liliondolewa. Halmashauri zilirudishwa kwa Sheria Na. 7 ya 1982, zikaanza kazi 1984. Diwani, ambaye zamani alikuwa mtawala, akawa sasa mwenye kuuliza habari za utawala.

Neno lililojitokeza kuziba pengo hili ni kuwajibika, pamoja na kuwajibisha. Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Peter Siyovelwa walijiuzulu kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa hawakuyatenda wenyewe. Kutokana na matukio ya namna hiyo kuwajibika kumepata maana ya kubeba lawama ya ofisi hadi kuiacha. Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya taarifa ya Kamati Teule ya Bunge, chini ya Harrison Mwakyembe, juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Msomaji atazame jina la kamati hiyo. Teule ni neno lile lile la uteuzi, ila safari hii waliochaguliwa na Bunge ndio waliokuja kuwauliza walioteuliwa na Rais.

Hata hivyo, pale istilahi za ukaguzi zisipofahamika kwa namna moja, hatari ipo. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alitaja udhaifu wa Bunge katika mahojiano ya redio. Alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge Januari 2019 alieleza kwamba udhaifu ni neno la kawaida katika taarifa za wakaguzi. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye. Si kazi yetu kuamua nani alikuwa na haki. Lakini hapana shaka kwamba neno ambalo kwa mkaguzi ni istilahi, yaani mahali ambapo utaratibu haukuzuia kosa, kwa msikilizaji mwingine lilikuwa tusi. Vyombo viwili vilivyowekwa ili visaidiane katika kuuliza maswali vilitengana, na neno moja lilikuwa katikati.

Kwa jirani: msasa

Kenya, kwa Katiba ya 2010, mawaziri hupendekezwa na Rais na kupelekwa mbele ya Bunge la Taifa, ambako Kamati ya Uteuzi huwahoji. Uganda nayo, kwa Katiba ya 1995, inataka mawaziri waidhinishwe na Bunge. Waandishi wa habari wa Kenya wamelipa tendo la kuhoji jina zuri: kupiga msasa. Msasa ni mti ambao majani yake makavu na makali yalitumika kulainisha mbao. Baadaye karatasi ya fundi seremala ikarithi jina hilo.

Tunausifu ubunifu huo, lakini tuna shaka nao. Msasa hulainisha ubao ambao fundi amekwisha kuamua kuutumia, hautupi ubao. Bunge lakini laweza kutupa. Agosti 2024 Bunge la Taifa la Kenya lilimkataa Stella Soi Langat, aliyependekezwa kushika wizara ya masuala ya jinsia. Mkulima wa mpunga wa Rufiji angeliona hilo kuwa kupeta kwa ungo, ambako chenga na makapi huondoka, wala si kupiga msasa. Kwetu neno mchujo limekwisha kuzoeleka katika vyama, nalo lakaribia zaidi maana hiyo.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo tunawaomba wasomaji wayafikirie mambo manne, na kutuandikia maoni yao.

Kwanza, pale ambapo jina bado lasubiri kauli ya chombo kingine, tutumie kupendekeza, na mhusika aitwe mpendekezwa. Kuteua kubaki kwa mwenye kutoa cheo, au kwa Katiba inapolitumia yenyewe.

Pili, tufuate mfano wa Katiba: Bunge huthibitisha uteuzi, mkubwa wa kazi humthibitisha mtumishi. Hali kadhalika tusichanganye kuthibitisha na kuridhia mikataba, kuidhinisha fedha na kupitisha miswada. Kila kimoja kina mahali pake.

Tatu, mahojiano ya Bunge na mpendekezwa yaitwe usaili wa Bunge, na matokeo ya kuondoa asiyefaa yaitwe mchujo.

Nne, kusimamia kwa maana ya Bunge kusiachwe peke yake bila maelezo. Katika vitabu vya shule na miongozo ya madiwani kuambatane na kuhoji na kuwajibisha, ili msomaji ajue kwamba anayesimamia hapa hashiki jembe wala fimbo, ameshika swali.

Hitimisho

Tulirudi Utete na rasimu ya mapendekezo haya. Tulimwamkia mzee wetu, akaitikia, akatusikiliza mpaka mwisho. Tulimwambia kwamba Bunge halimthibitishi mtu, bali uteuzi, na kwamba lina haki ya kuukataa.

"Kumbe ni posa," alisema. "Mwenye kuposa hupeleka jina, na wenye mwana hujibu. Posa si ndoa."

Kisha akauliza kama wenye mwana huwa wanajua kwamba wanaweza kukataa. Hilo, tulimwambia, si swali la istilahi peke yake. Lakini istilahi isiyolificha jibu ni sehemu ya kazi yetu, nasi tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wenzetu watusaidie kuifanya.